Puto la redio likivuka mpaka, ruhusa ni ya nani?

NDERA, Kigali – Kila lori linalotoka kwenye maghala ya Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, hapa Ndera, lina karatasi zake. Dereva anayeelekea Gatuna anazo zake, wa Rusumo anazo zake, na hata mama anayevuka kwenda Goma na beseni la nyanya anajua ataulizwa nini mpakani.

Lakini kuna kitu kinachoweza kuondoka Ndera na kuvuka mpaka wowote bila kusimama popote: puto lisilo na rubani, lenye mtambo mdogo wa kurusha mawimbi ya redio.

Maputo ya aina hii hurushwa na wanaredio wa ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kutumia redio kwa kujifunza na kwa kujifurahisha, si kwa biashara. Mzigo wake wote waweza kuwa na gramu 20 au pungufu, uzito usiofikia wa betri moja ndogo ya redio. Ndani yake mna kirusha mawimbi cha nguvu ya miliwati chache, kipokezi cha kuonyesha mahali puto lilipo, na vipande vya kioo cha sola. Puto hupanda hadi kilomita 12 hivi kutoka usawa wa bahari, kisha hufuata upepo. Jua likizama hunyamaza. Jua likichomoza hutaja tena mahali lilipo. Yapo yaliyokaa angani kwa miezi na kuizunguka dunia zaidi ya mara moja.

Kwa nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 26,338 kama Rwanda, safari hiyo hugeuka haraka kuwa jambo la kimataifa. Kutoka Ndera hakuna mpaka ulio mbali zaidi ya kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Upepo wa kilomita 50 kwa saa unatosha kulifikisha puto Uganda, Burundi, Tanzania au Kongo kabla ya saa nne kupita. Upepo ndio unaochagua ni nchi gani.

Ruhusa mbili, si moja

Sheria hulitazama puto kwa macho mawili. La kwanza ni la usafiri wa anga. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limeyagawa maputo yasiyo na rubani katika madaraja matatu: mepesi, ambayo mzigo wake haufiki kilo 4, ya kati, kuanzia kilo 4 hadi chini ya kilo 6, na mazito, ya kilo 6 na kuendelea.

Puto la gramu 20 bila shaka ni jepesi, na masharti yake ni machache. Hata hivyo, kanuni hizo zinasema puto halitavuka na kuingia anga ya nchi nyingine bila ruhusa ya nchi hiyo, na ruhusa hiyo itafutwe kabla ya kulirusha pale inapotarajiwa kwamba laweza kuvuka. Walioachiwa ni wachache: maputo mepesi yanayotumika kwa kazi ya hali ya hewa peke yake.

Mfanyabiashara anaweza kuelewa jambo hili kwa mfano wa forodha. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani hupita kwa hati rahisi ya uasili wa bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Karatasi imepunguzwa, lakini forodha haijaondolewa. Vivyo hivyo, wepesi wa puto hupunguza masharti na haufuti mpaka.

Jicho la pili ni la mawasiliano. Chini ya kanuni za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), hakuna mtu binafsi anayeruhusiwa kuendesha mtambo wa kurusha mawimbi bila leseni ya serikali. Leseni hiyo humpa mwenye redio alama ya wito, ambayo kazi yake inafanana na ya namba ya gari. Alama za Rwanda huanza na 9X, za Burundi 9U, za Kongo 9Q, za Uganda 5X, za Kenya 5Z, na za Tanzania 5H. Anayelisikia puto angani anajua mara moja lina leseni ya nchi gani.

Ila leseni hutolewa na mamlaka ya nchi moja: RURA hapa Rwanda, UCC Uganda, TCRA Tanzania, CA Kenya. Puto lenye alama ya 9X likiwa juu ya Mbarara au Bukoba linarusha mawimbi mahali ambapo aliyelipa leseni hana mamlaka. Zaidi ya hapo, matumizi ya masafa hayafanani duniani kote. Barani Ulaya na Afrika, maputo na magari ya wanaredio wa ridhaa hutangaza mahali yalipo kwenye masafa ya megahezi 144.800, Amerika Kaskazini hutumia 144.390. Puto linalozunguka dunia lazima lipangwe kubadili masafa lenyewe kila linapoingia eneo jingine.

Kuna nchi ambazo halitakiwi kusema neno. Kwa miaka mingi Uingereza haikuwaruhusu wanaredio wa ridhaa kurusha mawimbi wakiwa angani, na warushaji wengi waliyapanga maputo yao kuzima redio yanapofika juu ya nchi hiyo. Mwaka 2024 Uingereza ililegeza sharti hilo kwa mitambo ya nguvu ndogo. Yemen na Korea Kaskazini nazo zimo kwenye orodha ya mahali ambapo puto hunyamazishwa.

Afrika Mashariki imewahi kuyaona

Ukanda huu si mgeni wa maputo yenye redio, ingawa yaliyopita hapa yalikuwa ya biashara. Julai 2020, kampuni ya Loon, tanzu ya kampuni mama ya Google, ilianza kutoa intaneti nchini Kenya ikishirikiana na Telkom Kenya. Maputo yapatayo 35 yalielea umbali wa kilomita 20 juu na kuhudumia eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, zikiwemo Eldoret, Kisumu, Nakuru na Narok.

Maputo hayo yalirushwa Marekani na kufuata pepo za juu hadi Kenya, na hata yalipofika hayakuweza kukaa mahali pamoja. Ndiyo maana ruhusa ya Kenya peke yake haikutosha. Desemba 2019, miezi kadhaa kabla ya huduma kuanza, Loon ilikuwa imekubaliana na mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda ili maputo yake yapite katika anga ya nchi hiyo. Kampuni ilitangaza kufunga shughuli zake Januari 2021 kwa sababu za gharama, lakini ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba ruhusa ya kuvuka inawezekana, mradi iombwe mapema.

Tofauti ni kwamba Loon ilikuwa na wanasheria na fedha za kuzungukia ofisi za kila nchi. Mwalimu wa sayansi au mwanafunzi wa chuo anayetaka kurusha puto la gramu 20 hana.

Mpaka unapofungwa kwa sababu ya puto

Mwenye duka Gatuna au Kagitumba anaweza kudhani haya ni mambo ya wasomi. Wafanyabiashara wa Lithuania na Belarus hawawezi tena kudhani hivyo.

Katika vuli ya 2025, walanguzi walikuwa wakipitisha sigara kutoka Belarus kwenda Lithuania kwa maputo yaliyofungwa vifaa vya kuonyesha yalipoangukia. Uwanja wa ndege wa Vilnius ulilazimika kusimamisha safari mara kadhaa mwezi Oktoba. Mwishoni mwa mwezi huo serikali ya Lithuania ilifunga mpaka wake na Belarus, ikaufungua tena Novemba 20. Mamia ya malori ya Lithuania yalikwama upande wa Belarus, na kufunguliwa kwa mpaka hakukuyatoa mara moja. Wenye malori hayo hawakuwa wamerusha puto lolote.

Anayekumbuka Gatuna ilivyofungwa kuanzia Februari 2019 hadi Januari 31, 2022 hahitaji kuelezwa gharama ya mpaka uliofungwa, hata kama sababu ilikuwa nyingine kabisa.

Marekani nako, Februari 2023, siku chache baada ya kuangushwa kwa puto la China, ndege za kivita ziliangusha vitu vingine vitatu visivyotambuliwa. Klabu moja ya wanaredio wa jimbo la Illinois ilitangaza kwamba puto lake halisikiki tena tangu lilipokuwa karibu na Alaska. Haikuthibitishwa kuwa ndilo lililopigwa. Rais Joe Biden mwenyewe alisema vitu hivyo huenda vilikuwa maputo ya kampuni binafsi, ya burudani au ya utafiti.

Katika ukanda ambao hali ya usalama mipakani hubadilika ghafla, kitu kisichojulikana angani ni hatari kwa aliyekirusha na kwa wanaoishi chini yake.

Kadi ya Njano ya redio?

Ukanda huu umekwisha kutatua matatizo makubwa kuliko hili. Tangu Oktoba 2014 Rwanda, Kenya na Uganda zimepunguza gharama za kupiga simu kuvuka mipaka kupitia mpango wa mtandao mmoja. Bima ya gari ya Kadi ya Njano hukubalika nchi hadi nchi. Kwa redio za ridhaa, nchi nyingi za Ulaya zina utaratibu unaomruhusu mwenye leseni ya nchi moja kutumia redio yake kwa muda akiwa mgeni katika nyingine.

Vyombo vya kuandaa utaratibu kama huo hapa vipo. Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki (EACO) lina makao yake Kigali, na wakala wa Jumuiya wa usalama wa anga (CASSOA) uko Entebbe. Fomu moja, inayopokelewa na mamlaka za anga na za mawasiliano za nchi zote, ingemtosha mrushaji wa puto jepesi.

Hadi hapo, kanuni ile ile inamgusa mfanyabiashara kwa njia ya karibu zaidi: simu za upepo. Redio za mkononi za bei nafuu zinazouzwa madukani mara nyingi hufika kwenye masafa ya wanaredio wa ridhaa, na hata ya vyombo vya usalama. Masafa ya ridhaa hayaruhusiwi kwa biashara, kwa hiyo msafirishaji anayeyatumia kuongoza malori yake anavunja masharti hata kabla ya kufika mpakani. Na leseni aliyolipia Kigali haimlindi akiiwasha redio hiyo Kabale au Ngara.

Kabla ya kununua redio hizo au kuzivusha, aiulize mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi atakayopita kama kifaa kimeidhinishwa na kama masafa yanaruhusiwa, na majibu hayo ayabebe kwa maandishi pamoja na karatasi zake za forodha.