Haki ya Mgeni na Haki ya Mwenyeji: Khabari za Safari Yetu ya Kilwa

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyeifanya ardhi kuwa pana ili waja Wake watembee ndani yake na wazingatie mwisho wa wale waliowatangulia.

Ndugu wasomaji, kila likizo inapokaribia wengi wenu hutuuliza kama yafaa Mwislamu kuichukua aila yake akalale nayo katika nyumba ya wageni ya kukodi. Na kama haifai, basi watoto wataionaje nchi yao? Jawabu letu la zamani lilikuwa fupi: mwenye jamaa na alale kwa jamaa zake, na asiye na jamaa na akae kwake. Katika likizo ya madrasa iliyopita tulisafiri kwenda Kilwa, ambako hatuna jamaa hata mmoja, nasi tumerudi na jawabu jingine. Tumeona ni wajibu wetu kuliandika, pamoja na aibu iliyotupata huko, kwani mwalimu afichaye kosa lake huwafundisha wanafunzi wake kuficha.

NJIANI

Tulikuwa watu watatu: sisi, mama watoto, na mjukuu wetu wa kiume mwenye umri wa miaka kumi. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni mwendo wa kilomita zipatazo 300 kuelekea kusini. Wazee wanaikumbuka njia hii kwa taabu zake, khasa pale Mto Rufiji, ambapo wasafiri walikuwa wakingoja kivuko. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2003 basi hupita juu ya mto bila ya abiria kushuka. Pale Nangurukuru njia hugawanyika, nasi tukashika ile iendayo pwani.

Kwa safari ya urefu huo msafiri ana rukhsa ya kupunguza sala za rakaa nne akazisali mbili. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii, akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, rukhsa hiyo humtoka tangu afikapo. Sisi tulinuia siku chache zaidi ya hizo, basi tukapunguza. Lakini tuliposali msikitini nyuma ya imamu mwenyeji tulitimiza rakaa nne pamoja naye. Mjukuu wetu aliyauliza haya yote ndani ya basi, na abiria wa kiti cha mbele wakageuka kusikiliza. Safari ni darasa zuri la fikihi.

NYUMBA YENYEWE

Tulielekezwa kwenye nyumba moja nje kidogo ya mji, katikati ya minazi na miembe. Mwenyewe ni mzee aliyefanya kazi baharini ujanani mwake, na nyumba yake inaendeshwa na watu wa nyumba hiyo tu: mkewe hupika, binti yao huandika daftari na kufua, na kijana wao huteka maji na kuwapeleka wageni bandarini. Vyumba ni sita, vimetazamana na ua wa mchanga unaofagiwa kila alfajiri. Katika chumba chetu mlikuwa na vitanda viwili vyenye chandarua safi, mkeka wa kusalia, birika la kutawadhia, na mshale mdogo uliochorwa ukutani kuonyesha kibla. Mjukuu wetu akaupima kwa jua la magharibi, akasema, “Babu, wamepatia.”

Hapa ndipo tulipoanza vibaya. Tulipotajiwa kodi ya chumba tulikunja uso, tukamwambia yule mzee, “Sheikh, wazee wetu hawakumtoza mgeni. Iweje Mwislamu amwuzie Mwislamu mwenzake kitanda?” Yeye hakukasirika. Alitujibu, “Maalim, pumzikeni kwanza. Mazungumzo haya yataka tumbo lililoshiba.” Kisha akatupunguzia robo ya bei. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukaona tumeshinda.

Usiku ule tuliletewa wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, na maembe yaliyokatwa. Mama mwenye nyumba alimketisha mama watoto pamoja naye upande wa wanawake, na mzee akala nasi barazani katika sinia moja.

KISIWANI

Asubuhi tulichukua kibali katika ofisi ya wahifadhi, tukavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Bahari ya kuvuka si pana, lakini ng’ambo yake mtu huingia katika karne nyingine. Kwanza laonekana Gereza, ngome iliyo ufukweni, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga upya mahali pa ngome ya Wareno. Wareno hao waliuvamia mji mwaka 1505, wakakaa humo mpaka mwaka 1512. Kabla yao Kilwa ilikuwa imetajirika kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, na masultani wake walitengeneza fedha zao wenyewe za shaba. Mwaka 1944 fedha chache za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, wataalamu hadi leo wanabishana.

Tulifika katika Msikiti Mkuu. Ulianza kujengwa zaidi ya miaka 800 iliyopita, ukapanuliwa katika karne ya 14 kwa nguzo na kuba, na kazi yote ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu kubwa ya sakafu sasa iko wazi kwa mvua. Tulisimama mbele ya mihirabu, na mjukuu wetu akauliza ni watu wangapi waliosujudu pale. Tukamwambia, Mwenyezi Mungu anawajua mmoja mmoja. Mbele zaidi, juu ya jabali linalotazama bahari, ipo Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane.

Huyu ndiye Sultani aliyetembelewa na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa wingi wa ukarimu wake. Ibn Battuta asimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimzuia Sultani njiani baada ya sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi msikitini, akavaa nyingine, akampa zile alizoombwa. Na alipokufa akatawala nduguye Daudi, ambaye mwombaji akimjia alimjibu kwamba yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutoa baada yake. Wasomaji watuhukumu: katika mji wa Abu al-Mawahib sisi tulikuwa tumeanza kwa kubishania robo ya kodi.

KIGAE

Ufukweni karibu na Gereza vigae vimetapakaa kama changarawe: vipande vya vyombo vya udongo vya wenyeji, na vingine vyenye rangi ya kijani king’aacho, vilivyoletwa na majahazi kutoka China. Tulipokuwa tukingoja mashua mjukuu wetu aliinama, akaokota kimoja cha kijani, akakitia mfukoni mwa kanzu. Tulimwona kwa macho yetu mawili. Tukasema moyoni, mtoto ni mtoto, na vigae ni vingi. Tukanyamaza.

Asubuhi ya pili chai ililetwa na vitumbua, na juu ya sahani ndogo peke yake kilikaa kile kigae. Binti wa nyumba alikikuta alipokuwa akikung’uta kanzu kabla ya kuifua. Mama mwenye nyumba alisimama kwa adabu, akasema, “Maalim, hiki si chetu wala si chenu. Nimeona nikirudishe mikononi mwako.”

Mtoto akatutazama. Alikuwa akingoja kuona babu yake atasema nini, yule babu ambaye kila Jumamosi humsomesha mlango wa amana. Tungeweza kumkemea yeye, na mambo yakaisha hapo. Lakini ulimi ulikataa. Tukamwambia mbele ya watu wote, “Mjukuu wangu, mimi nilikuona jana nikanyamaza. Kosa langu ni kubwa kuliko lako.”

Mzee mwenye nyumba ndipo alipotueleza. Magofu haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mtu haruhusiwi kuondoa kitu. Lakini alitupa na sababu nyingine. Wachimbuzi humjua aliyeishi katika nyumba, na zama zake, na nchi alizofanya biashara nazo, kwa kuangalia kigae kimelala wapi na pamoja na vitu gani. Kikiondolewa mahali pake huwa kama shahidi aliyetolewa mahakamani kabla hajasema. Kilwa Kisiwani, pamoja na Songo Mnara, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ikatiwa katika orodha ya mahali palipo khatarini mwaka 2004, na kwa juhudi za ukarabati ikatolewa humo mwaka 2014. “Bahari inakula kwa upande wake,” alisema mzee, “na wageni wakila kwa upande wao, wajukuu zetu wataonyeshwa nini?”

Basi siku ile tuliikodi mashua mara ya pili, kwa fedha tuliyokuwa tumeiweka ya zawadi. Mtoto alikwenda mwenyewe kwa mlinzi, akamwamkia, akasema alichokifanya. Mlinzi alimshika mkono, wakaenda pamoja mpaka pale alipoinama jana yake, akakiweka. Wakati wa kurudi mtoto hakusema neno mpaka tulipokaribia gati, kisha akauliza, “Babu, lile la jana litaandikwa?” Tukamwambia kwamba mwenye kutubu na kurudisha haki, Mola wake ni Mwingi wa kusamehe.

DAFTARI

Usiku wa mwisho gari lilisimama mlangoni. Kijana mmoja na msichana walitaka chumba, na walikuwa na kreti la pombe. Mzee aliwauliza kwa upole kama ni mume na mke. Wakacheka, wakamwahidi kodi maradufu. Akawapa maji ya kunywa, akawaambia kwamba nyumba yake haina chumba kwa shughuli hiyo, wakaondoka. Hakuwatukana wala hakupaza sauti. Lakini vyumba vinne vilikuwa vitupu mwezi mzima, na kijana wake alinung’unika kwamba karo haijalipwa na paa la jiko linavuja. Baba akamjibu, “Mwanangu, paa litazibwa. Hii nyumba tunalala humu sisi pia.”

Asubuhi tuliomba hesabu. Binti akatusomea daftari: vyumba, chai, chakula cha mchana, chakula cha usiku. Tukaona chakula cha usiku wa kwanza hakikuandikwa, tukamwambia amesahau. Mzee akatabasamu. “Hakusahau, Maalim. Usiku ule mlikuwa wageni wa Mwenyezi Mungu. Tangu asubuhi yake mkawa wageni wa daftari.” Hilo ndilo lilikuwa jawabu la swali letu la siku ya kwanza. Tukataka kuirudisha ile robo ya kodi. Akakataa, akisema mapatano ni mapatano. Ndipo mama watoto alipompelekea mama mwenye nyumba sadaka ya kuziba paa la jiko, na hiyo wakaipokea.

YATUPASAYO

Kumkirimu mgeni, ndugu wasomaji, Mtume wetu (s.a.w.) amekuambatanisha na imani. Lakini katika mafunzo yake yayo hayo kuna mpaka: ukarimu ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa hata amtie mwenyeji wake dhiki. Basi anayeishi kwa kuwalaza watu kila siku hawezi kuwalisha wote bure, na kumlipa ujira wake ni haki.

Kwa hiyo twawausia mnaosafiri na aila zenu. Kwanza, chagueni nyumba yenye heshima, na uhakika wa kilicho halali msiudhanie, ulizeni. Pili, patanisheni bei kwa insafu. Msitumie Uislamu wenu kuwa ni kitu cha kupunguzia kodi. Tatu, fahamuni kwamba nyumba ya namna hii ni nusu mkahawa na nusu makazi ya watu. Katika Surat an-Nur Mwenyezi Mungu ametuamrisha kupiga hodi katika nyumba za watu, kisha akaruhusu kuingia nyumba zisizokaliwa ambazo ndani yake mna manufaa kwetu, na wafasiri wengi wamezihesabu humo nyumba za wasafiri. Baraza basi ni ya wote, lakini ua wa ndani ni wa wenyewe, na mtoto afundishwe kupiga hodi. Nne, lipeni deni lenu kabla ya kufunga mizigo. Tano, wapelekeni watoto kuyaona magofu ya wazee wao, na mkaguliane mifuko kabla ya kupanda mashua, mkianza na mifuko ya wakubwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aibariki riziki ya watu wa nyumba ile, awarehemu waliosujudu katika msikiti ule, na atujaalie sisi na nyinyi kuwa wageni wasioacha nyuma yao dhiki. Amin.