Istilahi za Ubakaji na Maneno ya Shahidi wa Mwambao wa Kusini

Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inavyoyawekea mipaka maneno yahusuyo ubakaji, na jinsi mipaka hiyo inavyokutana na lugha isemwayo Kilwa, Lindi na vijiji vya mwambao huo. Jambo hili si la wanasheria peke yao. Adhabu ya chini kwa mkosaji mtu mzima ni kifungo cha miaka 30. Karani akikosea neno moja, asiye na hatia aweza kufungwa, au mwenye hatia akaachiwa.

Tuanze na jina la kosa. Wazee wengi wa pwani wamezoea "kunajisi". Neno hilo latokana na najisi, uchafu uondolewao kwa kutohara, na hivyo lamtia doa aliyetendewa badala ya mtenda. Nchini Kenya "unajisi" ni kosa la kumwingilia mtoto wa chini ya miaka 18, kwa sheria ya mwaka 2006. Tanzania haikugawa hivyo: mtoto na mtu mzima wote wamo katika "kubaka". Hata "kujamiiana", neno lililozoeleka katika kuitaja sheria ya 1998 iliyokiandika upya kifungu cha 130, lina kasoro: mnyambuliko wake ni wa kutendana, na hapa hakuna kutendana. Limekwisha kukaa vitabuni, wala hatudhani litang'oka. Ila katika kueleza tendo lenyewe "kuingilia" ni afadhali, kwani lina mtenda na mtendwa.

Kiini cha kosa ni kuingiza, na kifungu chasema kuingiza hata kidogo kwatosha. Mahakama ya Rufani imepata kueleza kuwa shahidi asemaye tu "alinibaka" hajathibitisha kosa. Hana budi kueleza kilichotendwa. Hapo ndipo penye ugumu. Msichana aliyepita unyagoni amefundishwa mambo ya mwili na kungwi wake, na papo hapo akakatazwa kuyataja mbele ya wanaume. Akisimama mbele ya hakimu, Kilwa Masoko, atasema "alinifanyia tabia mbaya" au "alinifanyia matusi". Zamani hakimu aliandika mwenendo wa shauri kwa Kiingereza; maneno hayo yakifasiriwa moja moja husomeka kama utovu wa adabu tu, na yakigeuzwa kuwa neno la sheria huwa si ya shahidi tena. Katika hukumu za miaka ya 2010 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa maneno ya staha kama hayo yaweza kubeba maana ya kuingiliwa, kwa kuzingatia malezi na mila za msemaji. Twaona hukumu hizo zaijua lugha. Hata hivyo "tabia mbaya" yaweza pia kuwa kushikwashikwa, ambalo ni kosa jingine lenye adhabu nyingine. Mwendesha mashtaka na aulize kwa upole "tabia mbaya ipi?", na karani aandike jibu kama lilivyotamkwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kwa sheria, basi udhuru wa tafsiri umepungua sana.

Neno "mtoto" nalo lina mtego wake. Kisheria ni asiyetimiza miaka 18, na ridhaa yake haihesabiwi (kifungu cha 1998 kilimtoa mke wa miaka 15 au zaidi asiyetengana na mumewe). Kijijini, mzazi akiulizwa "Huyu ni mtoto?" aweza kujibu "La, amekwisha chezwa." Hakusema uongo, wala hakujibu swali la sheria. Aulizwe mwaka wa kuzaliwa.

Limebaki "ridhaa". Watu wa pwani walijua neno hili kwa ndoa, ambapo kimya cha mwanamwali huhesabiwa kuwa idhini. Kanuni ya Adhabu haiendi njia hiyo. Ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au vitisho si ridhaa, na majeraha ya kupambana hayahitajiwi kuthibitisha kuwa mtu hakuridhia. Basi shahidi akisema "nilinyamaza", mfasiri asiandike "nilikubali".