Ligi Ipi Ina Nguvu Zaidi?

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ubishi juu ya michezo ya shule haumalizwi kwa urahisi. Bingwa wa upande wa Hai hudai kwamba ametoka katika kundi gumu. Bingwa wa Rombo hudai vivyo hivyo, na kila mmoja huleta idadi ya mechi alizoshinda kuwa ushahidi. Ushahidi huo, ukichunguzwa kwa hesabu, hauthibitishi dai la yeyote kati yao.

Chukua mfano wa kubuni. Shule 6 za Hai zinacheza mpira wa kikapu, kila moja ikikutana na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini. Mechi zote zitakuwa 30. Kwa kuwa mchezo huu hauna sare, kila mechi huzaa mshindi mmoja na mshindwa mmoja. Kwa hiyo kundi zima litakuwa na ushindi 30 na vipigo 30, nusu kwa nusu. Rombo nao wakifanya hivyo watapata nusu kwa nusu. Wachezaji wa Hai wanaweza kuwa mahodari wa kupindukia, au wawe wameshika mpira kwa mara ya kwanza juma lililopita. Jumla haibadiliki hata kidogo. Mechi za ndani huzipanga timu ndani ya kundi, lakini hazisemi lolote juu ya kundi lenyewe. Habari hiyo hupatikana pale tu timu zinapovuka mpaka na kucheza na za kundi jingine.

Tatizo ni kwamba mechi za kuvuka mpaka huwa chache. Ikiwa kila shule ya Hai itacheza mara moja na shule ya Rombo, na Hai ikashinda mechi 5 kati ya 6, bila shaka Machame watasherehekea. Lakini kama makundi hayo yangekuwa sawa kabisa, kila mechi ikiwa kama kurusha sarafu, kungekuwa na matokeo 64 yanayowezekana, na katika 7 kati ya hayo Hai ingeshinda mechi 5 au zaidi. Hiyo ni karibu 11 katika kila 100. (Mwalimu wa hisabati anaweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa sarafu 6 na subira kidogo.) Bahati peke yake, basi, yaweza kuleta sherehe hiyo.

Nchini Marekani, ambako vyuo vikuu hushindana katika ligi nyingi zenye wanachama wao mbalimbali, swali hili limeshughulikiwa kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1981 hadi 2018 kilitumika kipimo kilichoitwa RPI. Robo moja ya alama ya timu ilitokana na uwiano wa ushindi wake yenyewe, nusu ilitokana na uwiano wa ushindi wa wapinzani wake, na robo iliyobaki ikatokana na wapinzani wa wapinzani hao. Robo tatu za alama, kwa maneno mengine, zilihusu timu imecheza na nani. Tangu msimu wa 2018/19 kinatumika kipimo kiitwacho NET, ambacho huangalia pia pointi zinazopatikana na kuruhusiwa kila mpira unapomilikiwa, na kuzirekebisha kwa kufuata ubora wa mpinzani.

Ugumu huzidi miaka inapoingia. Mtanzania Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kati ya 2006 na 2009, wakati chuo hicho kikiwa katika ligi ya Big East. Mwaka 2009 ligi hiyo ilitoa timu tatu kati ya nne zilizopewa nafasi ya kwanza katika mashindano ya kitaifa. Mwaka 2013 ligi ikagawanyika, na Connecticut ikabaki upande uliochukua jina jipya, American Athletic Conference, ikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 2014. Ikarudi Big East mwaka 2020 na kutwaa ubingwa tena mwaka 2023 na 2024. Mwenye kulinganisha Big East ya 2009 na ya 2024 analinganisha majina. Wanachama wake si walewale.

Kwa Watanzania, hesabu ya aina hii ina faida inayoshikika katika mpira wa miguu. Shirikisho la Afrika, CAF, huzipanga nchi kwa matokeo ya klabu zao katika misimu mitano. Katika Ligi ya Mabingwa, bingwa hupewa alama 6, wa pili 5, aliyefika nusu fainali 4, robo fainali 3, na wa tatu na wa nne katika kundi 2 na 1. Kombe la Shirikisho hutoa 5, 4, 3, 2, 1 na 0.5. Kisha alama za msimu wa karibuni huzidishwa kwa 5, za msimu uliotangulia kwa 4, na kadhalika hadi 1. Nchi 12 za juu hupeleka klabu nne badala ya mbili.

Simba na Namungo ziliipatia Tanzania alama 3.5 msimu wa 2020/21. Kisha zikaja 2, 7, 6 na 6 hadi 2024/25. Jumla ya kawaida ni 24.5, baada ya kuzidisha hupatikana 82.5. Alama hizohizo zikipangwa kinyume, kubwa zikitangulia, hutoa 64.5 tu. Kipimo hiki, basi, humpendelea anayepanda. Huo ni uamuzi wa binadamu, wala si kanuni ya maumbile, na mwanafunzi ana haki ya kuuhoji.

Kuna jambo ambalo 82.5 hailionyeshi. Ukiondoa nusu alama ya Namungo, zote zililetwa na klabu mbili za Dar es Salaam. Msimu wa 2022/23, uliozaa alama 7 kwa sababu Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ndio msimu ambao Polisi Tanzania, iliyokuwa ikicheza katika Uwanja wa Ushirika mjini Moshi, ilishuka daraja.