Moteli Kuukuu za Marekani: Mlango Ulikuwa Wazi kwa Nani?

Kuna shauku kubwa huko Marekani ya kuzitafuta moteli kuukuu za kando ya barabara. Watu huziacha njia kuu mpya zilizonyooka kama uzi, wakaingia njia za zamani, wakapiga picha vibao vya taa za neoni, na wakalala usiku mmoja katika vyumba walivyolala babu zao. Wanazitamani enzi zile ambapo mtu alijaza petroli, akampakia mkewe na wanawe, akashika njia pasi na kujua usiku utamkuta wapi.

Ni kumbukumbu tamu, wala sina ugomvi na mwenye kuipenda. Lakini kila nisomapo habari hizi hunijia suali moja, maadam sisi watu wa pwani tumelelewa kwa mithali isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone". Mgeni yupi huyo aliyekaribishwa?

NENO LILIVYOZALIWA

Neno "moteli" limeundwa kwa kuunganisha mota, yaani gari, na hoteli. Lilianza kutumika mwaka 1925 katika mji wa San Luis Obispo, California, ambako msanifu majengo Arthur Heineman alifungua nyumba ya wageni aliyoiita Milestone Mo-Tel. Alipachagua mahali pale kwa hesabu. Wakati huo safari ya gari kutoka Los Angeles hadi San Francisco ilichukua siku mbili, na mji huo uko katikati ya njia.

Ujenzi wa moteli ulikuwa mwepesi: jengo la chini, vyumba vimepangwa safu moja au kuzunguka ua, na kila mlango unafunguka nje. Msafiri alisimamisha gari mbele ya chumba chake, akalipa, akapewa ufunguo. Hakupita ukumbini na vumbi lake mbele ya mabwana waliovaa suti, wala hakuwa na mpagazi wa kumpa bakshishi.

Njia iliyosifika kwa moteli hizi ni ile iitwayo Route 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago hadi California, kiasi cha kilomita 3,900 kupitia majimbo manane. Katika miaka ya 1930 ilipitwa na wakulima waliokimbia ukame na vumbi la Oklahoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja watu wa likizo, na wenye moteli wakashindana kuwavuta. Huko Holbrook, Arizona, vyumba vilijengwa kwa saruji mfano wa mahema ya wenyeji wa asili wa Marekani. Huko Tucumcari, New Mexico, moteli ya Blue Swallow iliweka kibao cha mbayuwayu wa buluu ang'aaye usiku, na kila chumba kikapewa banda lake la gari. Zote mbili zingali zinapokea wageni hadi leo.

JUA LIKICHWA

Sasa turudi kwenye suali letu. Kwa familia ya Wamarekani weusi, safari ya miaka hiyo haikuwa ya kushika njia tu na kutawakali. Baba alipima mapema atakapopata petroli, na mama alifunga chakula cha njia nzima, kwa kuwa mikahawa mingi isingewauzia. Kibao kikiandikwa kwamba vyumba vipo, karani aliweza kumtazama mgeni usoni akamwambia vimejaa. Wengi waliendesha usiku kucha, au wakalala garini na watoto wao. Isitoshe, kulikuwa na miji ambayo mtu mweusi hakutakiwa kuonekana ndani yake jua likichwa. Kwetu magharibi ni saa ya kurudi nyumbani na kumkaribisha aliye njiani. Kwao ilikuwa saa ya kukimbia.

Ndipo mwaka 1936 Victor Hugo Green, mchukuzi wa barua aliyeishi Harlem, New York, akaanza kuchapisha kitabu kidogo cha kuwaongoza wasafiri weusi. Kikajulikana kama Green Book. Ndani yake mlikuwa na orodha, mji kwa mji, ya hoteli, nyumba za watu binafsi, mikahawa na vituo vya petroli ambako wangepokewa bila ya kutwezwa. Green mwenyewe alitumaini kwamba siku itafika kitabu chake kisihitajike tena. Alifariki mwaka 1960, kabla hajaiona siku hiyo.

Mwaka 1964 ikapitishwa sheria ya haki za raia iliyokataza kumnyima mtu chumba kwa sababu ya rangi yake. Moteli moja ya Atlanta, Heart of Atlanta, yenye vyumba 216, ikaenda mahakamani kuipinga. Tarehe 14 Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji wote kwa kauli moja, kwamba sheria ni halali. Green Book kikaacha kuchapishwa miaka michache baadaye.

Katika Memphis, Tennessee, ilikuwako moteli iliyowapokea weusi tangu zamani, jina lake Lorraine. Wenyewe walikuwa Walter Bailey na mkewe Loree, na ilitajwa katika kitabu cha Green. Hapo ndipo alipofikia Martin Luther King alipokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma, na hapo ndipo alipopigwa risasi tarehe 4 Aprili 1968, amesimama barazani mbele ya chumba 306. Siku hiyo hiyo Bibi Loree alishikwa na kiharusi, akafariki siku King alipozikwa. Tangu mwaka 1991 Lorraine ni makumbusho ya taifa ya haki za raia.

WENYE FUNGUO WAPYA

Moteli zenyewe zilikuwa zimekwisha kuingia mashakani. Mwaka 1952 ilifunguliwa Memphis hoteli ya kwanza ya Holiday Inn, na mfano wake ukaenea nchi nzima. Mwaka 1956 serikali ikaamua kujenga barabara kuu mpya zilizopita kando ya miji midogo. Magari yakahama, biashara ikafa. Mwaka 1985 Route 66 ikafutwa katika orodha ya barabara za taifa.

Walionunua nyingi ya moteli hizo zilizododa walikuwa Wahindi wa Kigujarati, na wengi wao jina lao Patel. Baadhi yao walitoka huku kwetu Afrika Mashariki, hasa baada ya mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waliochukuliwa nyumba zao wakaanza maisha upya kwa kuwapangishia wengine vitanda. Walikopeshana jamaa kwa jamaa, wakaishi nyuma ya mapokezi, wakafua mashuka kwa mikono yao, na watoto wakapokea wageni baada ya shule. Baadhi ya majirani wakaweka vibao vya kutangaza kwamba moteli yao ni ya Mmarekani, ili wageni wajue kwamba si ya Mhindi. Hata hivyo hawakurudi nyuma. Mwaka 1989 waliunda umoja wao, na leo umoja huo husema wanachama wake wanamiliki kiasi cha asilimia 60 ya hoteli za Marekani.

Dini yetu imemtaja msafiri aliyekatikiwa na njia kuwa miongoni mwa wanaostahiki zaka, wala haikuuliza rangi yake. Kwa hiyo mimi naona nyumba ya wageni haipimwi kwa uzuri wa taa zake, bali kwa yule aliyeachwa nje. Moteli zile na zihifadhiwe, maana ni historia. Na msomaji atakayejaaliwa kwenda Marekani kuwazuru jamaa zake, akitaka kuiona moteli moja tu ya zamani, nitamwambia aende Memphis. Mbayuwayu wa Tucumcari ni mzuri kumtazama, lakini Lorraine ilimfungulia mlango msafiri wakati wengine walipomfungia.