Kazi ya Msaidizi wa Fiziotherapia

Katika mazungumzo haya twataka kueleza kazi moja ya hospitali ambayo wengi wetu hatujaisikia, wala hatukujua kwamba mtu huweza kuisomea akapewa cheti chake. Kazi yenyewe ni ya msaidizi wa fiziotherapia katika nchi ya Marekani. Neno hilo refu lisimtishe msomaji. Fiziotherapia ni kumtibu mtu kwa mwendo, kwa mazoezi na kwa mikono, ili viungo vilivyolegea au vilivyokakamaa virudie kazi yake.

Huku kwetu twamjua mkandaji, yule mama aitwaye mtoto ateguka mguu, au mzazi anapojifungua. Twamjua na mwunga mifupa pia. Basi mtu akidhani kuwa kazi hii ni ya kukanda tu, hatutamlaumu. Lakini kukanda ni sehemu ndogo sana. Yafaa tuanze na mgonjwa mwenyewe, ndipo tutakapoona kazi ilivyo.

Tuseme mzee mmoja amepatwa na kiharusi, na ubavu wake wa kulia umepooza. Madaktari wamemwokoa na mauti, na hatari kubwa imepita. Sasa amelala kitandani, na haja yake ni ndogo: ataka kwenda chooni bila kubebwa na mkwewe. Kwa mtu mzima mwenye afya safari hiyo si kitu. Kwake yeye ni kazi yenye hatua nyingi. Sharti ageuke ubavu, aketi ukingoni mwa kitanda, angoje kizunguzungu kipite, asimame, ageuke, kisha aketi katika kiti cha magurudumu. Akikosea hatua moja huanguka, na mzee akianguka aweza kuvunjika nyonga, na taabu ya pili ikawa kubwa kuliko ya kwanza.

Msaidizi hufika na mshipi mpana, humfunga mgonjwa kiunoni juu ya nguo zake. Mshipi huo ndio atakaoushika, wala si mkono uliopooza, kwa maana mkono wa namna hiyo ukivutwa bega huweza kuteguka. Kiti hukiweka upande wenye nguvu, na breki zake huzifunga. Wengi wameanguka kwa sababu ya kiti kilichorudi nyuma. Yeye mwenyewe husimama karibu na upande ulio dhaifu, goti lake likilizuia goti la mgonjwa lisikunjike ghafula. Mgonjwa akiisha kuketi ukingoni humtazama uso na kumwuliza anaonaje, na pengine humpima nguvu ya damu, kwa sababu mtu aliyelala siku nyingi akiinuka upesi damu hupungua kichwani akazimia. Ndipo huhesabu moja, mbili, tatu, na mgonjwa husimama.

Twasema mgonjwa husimama, wala hatusemi kuwa husimamishwa. Msaidizi hambebi mgonjwa. Akimbeba, mgonjwa hakujifunza neno, na msaidizi ameumiza mgongo wake bure. Humpa msaada ule tu uliopungua, na kila juma huupunguza tena. Jamaa wa mgonjwa wakitazama huona kama ni ukatili, “Mbona humsaidii mzee wetu?” Hapana budi awaeleze kwa upole, maana nyumbani ni hao hao watakaomwinua, nao wakimfanyia kila kitu kwa huruma zao, nguvu zilizoanza kurudi zitapotea tena.

Baada ya kusimama huja kutembea, kwanza katikati ya vyuma viwili vya kushikia, kisha kwa fimbo. Hapa pana jambo linalomfaa kila mtu, hata asiyetaka kazi hii. Watu wengi hushika fimbo kwa mkono wa upande wa mguu mbovu. Sivyo. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande mzima, ikaenda mbele pamoja na mguu mbovu. Sababu yake ni hii: mguu mbovu ukikanyaga, mwili hulemea kuangukia upande ule mwingine usio na mguu chini, fimbo ikiwapo upande huo huuzuia mwili, na uzito hugawanyika kati ya mguu na mkono. Na penye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu mbovu pamoja na fimbo. Mtu akitaka kujua sababu na apande ngazi moja polepole, ataona kwamba katika kupanda mguu uliotangulia ndio unaouinua mwili, na katika kushuka mguu uliobaki juu ndio unaouteremsha. Kila mara kazi nzito hupewa mguu mzima.

Si wagonjwa wa kiharusi tu. Wapo waliotiwa goti la chuma badala ya goti lililolika, waliovunjika nyonga, wenye maumivu ya mgongo, watoto waliozaliwa na udhaifu wa viungo, na wachezaji wa mpira. Kwa mwenye goti jipya msaidizi hutumia kipimo chenye mikono miwili kama bikari, akapima goti lakunjika digrii ngapi na lanyoka kiasi gani. Goti lisilofika digrii 90 humpa mtu taabu ya kuinuka kitini na ya kupanda ngazi, na siku za kulirudisha ni hizo za mwanzo, kabla halijakakamaa. Basi mgonjwa hulia kwa maumivu, naye msaidizi sharti amhimize, tena ajue kutenga maumivu ya kazi na maumivu ya hatari. Kujua tofauti hiyo huchukua muda mrefu kuliko kujifunza majina yote ya misuli.

Yafaa tueleze pia asili ya cheo hiki. Katika vita vya 1914 hata 1918, Marekani ilipoingia vitani, wanawake walifundishwa upesi kuwatibu askari waliojeruhiwa kwa mazoezi na kwa mikono. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Mary McMillan, na chama chao kilipoundwa mwaka 1921 yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Baadaye ugonjwa wa polio uliwalemaza watoto wengi, na kazi ikazidi, hata chanjo ya Jonas Salk ilipothibitishwa mwaka 1955. Kisha mwaka 1965 serikali ilitoa sheria ya bima ya matibabu kwa wazee, iitwayo Medicare, na wazee ambao zamani walikaa majumbani na maradhi yao wakaweza kutibiwa. Wataalamu hawakutosha. Hivyo mwaka 1967 chama cha wataalamu kilikubali kuwapo wasaidizi waliofundishwa vyuoni, na wa kwanza walimaliza masomo yao mwaka 1969. Leo wasaidizi nchini humo wapata laki moja.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wengi hulikosa. Katika kazi hii wako watu wa daraja tatu. Wa kwanza ni mtaalamu mwenyewe, ambaye siku hizi husoma chuo kikuu akapata shahada, kisha huongeza miaka mitatu hivi hata akapata udaktari wa fiziotherapia. Wa pili ni msaidizi, ndiye tunayemweleza. Wa tatu ni mtumishi wa chumba cha mazoezi, anayesafisha vitanda, kuandaa vyombo na kusukuma viti. Huyu hufundishwa hapo hapo kazini. Mtu akisikia neno msaidizi hudhani ni huyu wa tatu, na si hivyo.

Lakini msaidizi naye ana mpaka wake, nao ni mpaka wa sheria. Mtaalamu ndiye ampimaye mgonjwa mara ya kwanza, akasema ubovu uko wapi, akaandika mpango wa matibabu na lengo lake. Msaidizi huutimiza mpango huo. Ndani ya mpango aweza kuzidisha zoezi au kulipunguza kwa kadiri ya nguvu za mgonjwa, lakini hawezi kuuandika upya. Katika majimbo mengine mtaalamu sharti awe karibu; katika mengine yatosha apatikane kwa simu, na msaidizi huenda peke yake hata majumbani mwa wagonjwa.

Hapo penye mpaka ndipo ilipo hatari. Tuseme yule mwenye goti jipya asubuhi moja aonekana shavu la mguu limevimba, lina moto na lauma likiguswa. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisafiri mpaka mapafuni laweza kumwua. Mpango wasema leo atembee. Msaidizi hana ruhusa ya kuupa ugonjwa ule jina. Hana ruhusa pia ya kunyamaza. Kazi yake ni kuacha zoezi papo hapo, kumkalisha mgonjwa, na kumwita mtaalamu au mwuguzi, kisha kuandika alichokiona na saa aliyokiona. Mtu mwenye haraka ya kumaliza wagonjwa wake wa siku hiyo aweza kuupita mguu ule bila kuutazama. Kwa maoni yetu, anayetaka kazi hii na ajipime kwa jambo hilo kabla ya kujipima kwa nguvu za mikono.

Mafunzo yake huchukua miaka miwili hivi chuoni, na mwishoni mwanafunzi hupata shahada ndogo ya miaka miwili. Husoma mwili ulivyoumbwa, mifupa, misuli na mishipa ya fahamu. Husoma jinsi viungo vinavyokwenda, maradhi, mazoezi, na matumizi ya joto, baridi na umeme. Vyuo vingi humtaka mwombaji awe amekwisha kusoma elimu ya mwili, hesabu na Kiingereza kabla ya kuingia, na vingine humtaka akae saa kadhaa hospitalini akitazama kazi. Baadaye hupelekwa kazini kwa majuma kama kumi na sita kwa jumla, akiangaliwa. Majuma hayo ni ya kutwa nzima, na kwa kawaida hayana mshahara. Mwenye watoto wa kulisha na aweke akiba mapema.

Akiisha kumaliza hufanya mtihani wa taifa. Alama zake huhesabiwa toka 200 hata 800, na anayepata 600 amefaulu. Mtu hawezi kuufanya zaidi ya mara tatu katika miezi kumi na miwili, wala zaidi ya mara sita maishani mwake. Akifaulu huomba leseni katika jimbo anamotaka kufanya kazi, maana kila jimbo lina sheria zake.

Kuhusu mshahara, katika mwaka 2023 nusu ya wasaidizi walipata zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Ni fedha nyingi ukizitazama kutoka huku, lakini kodi za nyumba na gharama za huko nazo ni nyingi. Tena kuna jambo lililowaudhi wasaidizi wenyewe. Toka Januari 2022, bima ile ya wazee hulipa asilimia 85 tu ya bei ya kawaida kwa matibabu ya wagonjwa wa nje yanayotolewa na msaidizi.  Wenyewe husema kuwa mgonjwa ni yule yule na jasho ni lile lile. Tena msaidizi hapandi akawa mtaalamu kwa kukaa kazini miaka mingi. Akitaka daraja ile sharti arudi shuleni, na miaka yake miwili haihesabiwi yote.

Huenda msomaji akauliza, habari hizi zatuhusu nini? Zatuhusu, kwa maana ndugu zetu wengi wamehamia huko, na miongoni mwao wako Wakongo wengi wasemao Kiswahili waliopokewa kama wakimbizi. Wako vijana wao wanaotafuta kazi yenye cheti isiyotaka miaka minane ya chuo, na wako wazee wao wanaougua kiharusi kama yule tuliyemtaja. Mzee asiyejua Kiingereza, anapoambiwa “inama mbele, pua ipite vidole vya miguu, kisha simama,” asiposikia vema huinuka kwa nyuma akaanguka. Hospitali huwaita wakalimani, lakini mkalimani hukaa kando, na mara nyingi huwa ni sauti tu ndani ya simu. Msaidizi ajuaye kusema “pole pole, baba, egemea kwangu” huwa amefanya nusu ya kazi kabla hajashika mshipi.

Huku kwetu wataalamu wa fiziotherapia hufundishwa, kwa mfano Moshi katika chuo kilichoko penye hospitali ya KCMC, na Nairobi katika chuo cha serikali cha mafunzo ya uganga. Aliyesoma huku akataka kufanya kazi Marekani asidhani kuwa cheti chake kitapokewa mlangoni. Sharti vyeti vipimwe kwanza na kulinganishwa na masomo ya huko. Na anayetaka kusomea huko huko na aulize swali moja kabla ya kulipa senti ya karo: je, mafunzo ya chuo hiki yamethibitishwa na CAPTE, yaani tume inayokagua mafunzo ya fiziotherapia? Orodha ya vyuo vilivyothibitishwa iko wazi kwa kila mtu. Chuo kisichokuwamo, hata kikiwa na jengo zuri na walimu wapole, hakitampeleka mwanafunzi wake kwenye chumba cha mtihani.