Bwana Ronald Ngala na Shauri la Ardhi ya Pwani

Msafiri aendaye Vitengeni kutoka Kilifi huiacha bahari nyuma, hupita minazi na mikorosho, kisha huingia katika mashamba ya mahindi yanayongojea mvua. Hiyo ni nchi ya Wagiriama, kabila la marehemu Ronald Gideon Ngala.

Alizaliwa mwaka 1923, miaka 9 baada ya vita vya 1914, ambapo Serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti na kuwataka Wagiriama waihame ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Watu wazima wa utoto wake walikuwa wameyaona hayo kwa macho yao.

Alisoma Kaloleni, Alliance na Makerere, akawa mwalimu, na baadaye mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Wakili wa kuvaa joho hakuwa. Walakini kesi aliyoishika ilikuwa ya sheria tupu. Kwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, ardhi ya mwambao ilipewa mwenye hati. Wamijikenda wengi hawakupata karatasi hiyo. Basi waliolima na kuzika wazee wao hapo wakahesabiwa kuwa maskwota.

Machi 1957 Bwana Ngala alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 akawa kiongozi wa KADU, chama cha makabila yaliyoogopa kumezwa na makubwa. Aprili 1961, KANU ilipokataa kuunda serikali mpaka Bwana Kenyatta afunguliwe, Ngala alikubali kuiunda. Wengi hawakumsamehe kwa hilo. Mwaka 1962, katika mkutano wa Lancaster House, London, alishindania majimbo, ili kila jimbo liwe na baraza lake na kauli juu ya ardhi yake. Wale waliotaka mwambao ujitenge na Kenya hakuwaunga mkono.

Majimbo aliyapata, lakini hayakudumu. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na wabunge wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja. Mkono mtupu haulambwi. Tarehe 10 Novemba 1964 alikivunja chama chake akajiunga na Serikali, na baadaye akawa waziri. Wako waliosema amewauza watu wake. Ni vigumu kuona angefanya nini kingine.

Alifariki tarehe 25 Desemba 1972, baada ya ajali ya gari katika barabara ya Mombasa na Nairobi, kabla ya kutimiza miaka 50. Shauri la maskwota wa Kilifi lilikuwa bado halijaamuliwa.