Jinsi Mimea ya Porini Inavyotambuliwa

Katika mtaa wa Sarang'ombe, upande wa Kibera jijini Nairobi, wanakaa watu wa makabila mengi. Kila mmoja alikuja mjini na lugha yake, na pamoja na lugha hiyo majina ya mboga za kwao. Itazame mboga ile chungu yenye majani madogo matano yaliyotoka kwenye kikonyo kimoja kama vidole vya mkono. Waswahili huiita mgagani, Wakikuyu thageti, Wajaluo akeyo, Wakisii chinsaga, na Waluhya tsisaga. Wote hula mmea mmoja, lakini mtu akiutaja kwa jina la kwao, jirani yake huenda asijue anasema nini.

Pengine mambo huwa kinyume, jina moja likabeba mimea kadhaa. Mnavu, ambao Wakikuyu huuita managu na Wajaluo osuga, si mmea mmoja. Uko wenye majani mapana na matunda makubwa ya zambarau iliyokoza, na uko wenye majani madogo na matunda ya rangi ya machungwa. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliiandika yote Solanum nigrum. Siku hizi huitenganisha: wa kwanza huitwa Solanum scabrum na wa pili Solanum villosum. Mkulima anunuaye mbegu kwa jina la mnavu tu aweza kuotesha mmea asioutaka.

HATARI YA KUKOSEA

Hasara ya mbegu ni ndogo kuliko hasara ya uhai. Mnanaha, ambao jina lake la kitaalamu ni Datura stramonium, huota penye takataka na kando ya mashamba. Una majani makubwa yenye harufu mbaya, maua marefu meupe mfano wa tarumbeta, na tunda lenye miiba. Mmea wote una sumu, na mbegu zake hasa. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu 5 walikufa na karibu 300 waliugua baada ya kula chakula cha msaada kilichoingiwa na sumu ya aina hii. Basi kuujua mmea kwa hakika si mchezo wa wasomi. Ni ulinzi wa kila nyumba.

JINA LA KITAALAMU

Mwaka 1753 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alitoa kitabu ambamo kila mmea ulipewa majina mawili ya Kilatini. La kwanza ni kama jina la ukoo, na la pili ni kama jina la mtu mwenyewe. Mgagani aliuita Cleome gynandra. Baadaye wataalamu waliuhamisha katika ukoo mwingine, na sasa huitwa Gynandropsis gynandra. Msomaji atauliza, ikiwa hata majina hayo hubadilika, twategemea nini? Twategemea mmea wenyewe uliokaushwa na kuhifadhiwa, ambao kila mtu aweza kurudi kuutazama.

KUKAUSHA MMEA

Kazi hii haihitaji mashine. Kata tawi lenye majani pamoja na maua au matunda, kwa maana majani peke yake mara nyingi hayatoshi. Mmea mdogo ung'oe na mizizi yake. Utandaze kati ya kurasa za gazeti, uukandamize kwa mbao mbili zilizofungwa kamba, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka ukauke. Kisha andika mahali ulipoupata, tarehe, kimo chake, rangi ya maua, jina lake kwa lugha ya wenyeji, na matumizi yake. Mmea usio na maandishi haya hauna faida kubwa. Nawe usiingie katika msitu uliohifadhiwa kukata mimea bila kibali.

Mimea ya namna hiyo hutunzwa katika Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ilianzishwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na kufikia mwaka 1950 ilikuwa imehamia Nairobi. Mimea ya hapo na ya kwingineko, hasa Kew nchini Uingereza, ndiyo iliyowawezesha wataalamu kuandika vitabu vya mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu za kwanza zilichapwa mwaka 1952, na kazi ikamalizika mwaka 2012, ikiwa imeeleza aina 12,104.

Hata hivyo, vitabu hivyo havikumaliza kila kitu. Jina Kibra, katika lugha ya Wanubi waliokaa huko kwanza, maana yake ni msitu. Leo msitu huo umekuwa nyumba, na wengi wa wazee walioijua miti yake kwa majina wamefariki. Basi kila aliye na bibi au babu ajuaye mboga na dawa za porini na amwulize sasa, auone mmea anaoonyeshwa, na aandike jina lake. Elimu isiyoandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.